HAKI YA MTOTO KWA BABAYE
Somo katika kukaa na watoto, kusema nao na kuwasikiliza kila siku

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyejaalia vizazi baada ya vizazi, akatia mapenzi katika nyoyo za wazazi kabla ya watoto kujua kuyaomba. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyezaliwa yatima hali hakumwona babaye, kisha akawa baba mwema kuliko akina baba wote; na ziwashukie jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Somo hili limetungwa kwa ajili ya akina baba wa Kiislamu wa Wazo na vitongoji vilivyo jirani, Tegeta, Boko, Bunju, Madale na Salasala, na kwa kila mtu wa pwani ambaye hali yake ni kama yao. Makusudio yake ni jambo moja, dogo kwa kulitazama na kubwa kwa matokeo yake: kwamba baba akae na mwanawe, aseme naye na amsikilize, si siku ya Idi wala siku ya kosa tu, bali kila siku. Lina fasili sita na khatima. Na anayeafikisha ni Mwenyezi Mungu.

FASILI YA KWANZA: Katika baba aliye nyumbani na hayuko

Na apigwe mfano mtu mmoja, wala asitafutwe ni nani, kwani walio kama yeye ni wengi. Mtu huyu anakaa Wazo, na biashara yake iko Kariakoo, mwendo wa zaidi ya kilomita 20. Hutoka saa kumi na moja alfajiri, watoto wamelala. Hurudi saa tatu usiku kwa foleni ya barabara ya Bagamoyo, watoto wamelala. Jumapili hapumziki kwake. Huwa barazani kwa rafiki zake, na jioni huwa kwenye kibanda cha kutazamia mpira. Hanywi ulevi, haachi Sala, kodi ya nyumba analipa, ada ya shule na ya chuo anatoa, na nguo za Idi hununua mapema kabla hazijapanda bei. Watu humsifu, na sifa hizo ni haki yake.

Siku moja mkewe akaondoka kwenda msibani Bagamoyo, akalala huko. Usiku ule mtoto wake wa miaka saba akashikwa na homa. Baba akamwuliza, "Unaumwa wapi?" Mtoto akanyamaza. Akamwuliza mara ya pili kwa sauti kubwa. Mtoto akageukia ukutani. Baba hakujua kama mwanawe anaweza kumeza vidonge au la, hakujua alikula nini mchana, wala hakujua jina la mwalimu wake ili amwulize alivyokuwa shuleni. Ikabidi agonge mlango wa jirani. Yule mama alipoingia tu, mtoto akanyosha mkono, akamwonyesha sikio linalomuuma, akamweleza tangu lini na kwa sababu gani hakusema.

Mtoto yule hakuwa bubu, wala hakuwa na adabu mbaya. Alikuwa hajazoea kusema na babaye. Na baba yule hakumdhulumu mwanawe chakula wala mavazi. Alimnyima kitu kimoja tu, nacho hakiuzwi Kariakoo.

Na ijulikane kuwa jambo hili halikutokana na ubaya wa nyoyo. Zamani mtoto wa pwani alimjua babaye kwa sababu ya kazi. Mtoto wa mvuvi wa Kunduchi alishuka pwani na babaye, akashika kamba, akapanga samaki. Mtoto wa mkulima alikwenda shamba, akafukuza ndege. Mtoto wa fundi alikaa chini ya meza ya babaye akiokota misumari. Hakuna aliyekusudia mazungumzo. Mazungumzo yalikuja yenyewe, mkono ukiwa kazini. Leo mji umepanuka. Wazo, iliyojulikana kwa kilima chake na kwa kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966, imekuwa mtaa mmoja katika mkoa uliohesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022. Kazi ya baba iko mbali, na mtoto haruhusiwi kuingia kiwandani wala kupanda lori la mawe. Basi ule ukaribu uliokuja wenyewe haukuji tena wenyewe. Sasa unahitaji nia, kama ibada inavyohitaji nia.

FASILI YA PILI: Katika mizani ya sharia

Watu wengi wakisikia "haki ya mtoto kwa babaye" hufahamu nafaka: chakula, nguo, makazi na dawa. Na kweli nafaka ni wajibu. Mtoto mdogo asiye na mali nafaka yake ni juu ya babaye, wala hapana hitilafu katika hilo. Lakini nafaka ni nusu ya mzigo. Katika Sura ya Tahrim, aya ya 6, waumini wameamrishwa kuziokoa nafsi zao na watu wao na Moto, na mtu haokolewi na Moto kwa mchele wala kwa viatu, bali kwa kufundishwa na kulelewa. Na katika Hadithi ya Ibn Umar (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amemfananisha kila mwenye watu chini yake na mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga, na mwanamume ametajwa waziwazi kuwa ni mchunga wa watu wa nyumbani mwake. Basi na afikiri mtu: mchunga gani anayeacha majani zizini asubuhi, kisha haendi kutazama mbuzi hata kiama cha siku?

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijra, amenakili katika utangulizi wa kitabu chake al-Majmu' kauli ya Imamu Shafi'i na wanafunzi wa madhehebu yake, ya kuwa ni juu ya akina baba na akina mama kuwafundisha wadogo yale yatakayowalazimu watakapobaleghe, kama tahara, Sala na saumu, na kuwajulisha uharamu wa zinaa, ulevi, uwongo na kusengenya na mfano wa hayo. Na aangalie msomaji: baba ametajwa. Kumpeleka mtoto chuoni ni jambo jema, lakini mwalimu wa chuo ni msaidizi wa baba, si badala yake. Mtoto husoma kwa mwalimu saa moja au mbili, na kila mwalimu anamtambua haraka yule ambaye nyumbani huulizwa usiku, "Leo mmefika aya gani?" Yule hurudi kesho na somo lake, na asiyeulizwa hurudi nalo limemwagika njiani.

Na mambo haya hayakuachwa na sharia za nchi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, ilipotaja wajibu wa mzazi, haikuishia kwenye chakula, malazi, mavazi na matibabu. Imetaja pia elimu na maongozi, na haki ya mtoto kucheza na kupumzika. Na Serikali ilipozindua mwaka 2021 programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto tangu kuzaliwa hata miaka minane, ilitaja nguzo tano: afya njema, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, kujifunza mapema, na malezi yenye mwitikio. Maana ya hii ya mwisho ni kwamba mtoto akilia, akicheka, akionyesha kidole au akiuliza, awepo mtu mzima wa kumwitikia. Mtoto mchanga haongei, walakini huuliza kwa macho. Na akiuliza mara nyingi asijibiwe, huacha kuuliza.

FASILI YA TATU: Katika mwenendo wa Mtume (S.A.W.) kwa watoto

Mwenye kutaka kielelezo asikitafute mbali. Haya ni machache katika mengi.

La kwanza: kubusu. Abu Huraira (R.A.) ameeleza kuwa Mtume alimbusu mjukuu wake Hasan, naye al-Aqra' bin Habis yupo. Al-Aqra' akastaajabu, akasema ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja wao. Mtume akamtazama, akamjulisha kuwa asiyekuwa na huruma naye hatahurumiwa. Wameipokea Bukhari na Muslim. Faida yake: al-Aqra' alikuwa mkubwa wa kabila, na alidhani ugumu ule ni ukamilifu wa uanaume. Mtume hakuusifu.

La pili: kuchukua mtoto. Abu Qatada (R.A.) amesimulia kuwa Mtume alisalisha watu hali amembeba Umama, binti wa Zainab binti yake, akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Nayo imepokewa na Bukhari na Muslim. Faida yake: aliyebebwa ni mtoto wa kike, na ilikuwa mbele ya watu, tena ndani ya Sala. Basi baba anayeona haya kumbeba binti yake kutoka kituo cha daladala mpaka nyumbani, haya hiyo ameitoa wapi?

La tatu: kusubiri. Katika Hadithi ya Shaddad, aliyoipokea Nasai, Mtume alirefusha sijda hata watu wakadhani limetokea jambo au wahyi unashuka. Alipoulizwa akaeleza kuwa mjukuu wake alimpanda mgongoni, naye akachukia kumharakisha kabla hajamaliza haja yake. Faida yake: mchezo wa mtoto umeitwa haja. Mtu mzima ana haja zake sokoni, na mtoto ana haja zake mgongoni kwa babu.

La nne: kuuliza khabari ya mtoto. Anas (R.A.) alikuwa na ndugu yake mdogo, kuniya yake Abu Umair, naye alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege akafa, mtoto akahuzunika. Mtume alikuwa akimwendea na kumtania kwa upole, akimwuliza juu ya yule ndege. Wameipokea Bukhari na Muslim. Na mwanachuoni wa Kishafi'i, Ibn al-Qass, aliyefariki mwaka 335 Hijra, alitunga kijitabu kizima juu ya Hadithi hii moja, akatoa ndani yake faida 60. Anayeona kuwa kuzungumza na mtoto juu ya ndege, mpira wa makaratasi au gari la makopo ni kupoteza wakati, na akumbuke kuwa Mtume aliyebeba ujumbe wa walimwengu wote alipata wakati wa ndege mmoja.

La tano: kusimama. Bibi Aisha (R.A.) amesema kuwa Fatima alipoingia kwa Mtume, yeye humwinukia, humbusu na humkalisha mahali pake. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Faida yake: mapenzi hayakukatika Fatima alipokuwa mtu mzima mwenye mume na watoto.

La sita: kula pamoja. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto wa kambo wa Mtume, mkono wake ukizunguka huku na huku katika sahani. Mtume akamfundisha kumtaja Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula mbele yake. Wameipokea Bukhari na Muslim. Faida yake: hangeuona mkono wa mtoto ukizunguka kama hakula naye sahani moja. Baba anayetengewa sinia lake peke yake, au kuachiwa chakula chini ya kawa mpaka usiku, mkono wa mwanawe atauona lini?

FASILI YA NNE: Katika hoja tatu za akina baba na majibu yake

Hoja ya kwanza husema: "Kulea ni kazi ya mama." Na wenye kusema hivyo hutegemea methali ya wahenga, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Jawabu ni kwamba methali imesifu kazi ya mama, haikumpa baba rukhsa. Katika Sura ya Luqman, kuanzia aya ya 13 mpaka ya 19, aliyekaa na mtoto kumuusia ni baba. Amemwonya na ushirikina, amemwamrisha Sala na subira, kisha akashuka hata kwenye mwendo wa miguu na kiasi cha sauti. Na Nabii Ibrahim alijenga Al-Kaaba pamoja na Ismail mwanawe. Hakumwambia akae mbali apishe watu wazima wafanye kazi. Na sisi watu wa pwani tunajua kuwa Mwana Kupona binti Mshamu, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858, alimtungia binti yake wasia kwa utenzi, na jambo la kwanza alilomtaka ni asogee karibu naye. Wasia huo wa mama umeishi mpaka leo. Ni vema kila baba ajiulize: lau angeugua leo, wanawe wangekuwa na neno gani la kwake la kukumbuka, zaidi ya "Nyamazeni" na "Mwambieni mama yenu"?

Hoja ya pili husema: "Mtoto akinizoea atanivunjia heshima." Nao hukumbusha kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Jawabu ni kwamba heshima na hofu ni vitu viwili. Hofu hukaa pale macho ya baba yanapofika. Baba akipinda kona, hofu humwacha mtoto. Heshima hufuatana na mtoto mpaka asikoonekana, kwa kuwa hachelei fimbo bali anachelea kumhuzunisha anayempenda. Ama methali, inamkanya mzazi anayemwachia mtoto kila matamanio yake. Haikumwamrisha mtu kumliza mwanawe.

Na wengi hushika Hadithi aliyoipokea Abu Daud, ya kuamrisha watoto Sala wakiwa wa miaka saba na kuwaadhibu kwa ajili yake wakiwa wa kumi, wakaruka mwanzo wake wakaangukia mwisho. Na wafanye hesabu. Kati ya miaka saba na kumi mna miaka mitatu. Mwaka wa Hijra una siku 354, na kila siku ina Sala tano. Jumla ni 5,310. Basi kabla hajafikiri adhabu, baba ana deni la kumwita mwanawe kwenye Sala mara zaidi ya 5,000, kwa ulimi na kwa mfano, aone babaye akitawadha, akamatwe mkono, atandikiwe mkeka. Baba ambaye hakulipa hata mia katika hizo atadai nini mwaka wa kumi? Tena maulamaa wamekataza pigo la kuumiza, na pigo la uso, na pigo lisilotarajiwa kufaa kitu. Na Bibi Aisha ameshuhudia, katika aliyoyapokea Muslim, kuwa Mtume hakumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Anayetaka kufuata Sunna, hiyo ndiyo Sunna.

Hoja ya tatu husema: "Sina wakati." Hii ndiyo hoja yenye uzito, kwani anayetoka gizani na kurudi gizani hasemi uwongo. Jawabu lake ni kwamba mtoto hahitaji siku nzima. Robo saa kwa siku, ikidumu, ni zaidi ya saa 91 kwa mwaka. Na amali apendayo Mwenyezi Mungu, kama ilivyothibiti kwa Bukhari na Muslim, ni ile inayodumu ijapokuwa ni chache. Baba anayengoja likizo ili akae na wanawe ni kama anayengoja mvua ya masika ili anywe maji.

FASILI YA TANO: Katika nyakati tano za siku

Haya si mambo ya kuongeza kazi, bali ni ya kutia roho katika nyakati zilizopo.

Wakati wa kwanza ni alfajiri. Anayetoka mapema na amwamshe mtoto mkubwa wa kutosha kwa Sala, wasali pamoja, hata ikiwa ni rakaa mbili na dua fupi. Aliye mdogo na apite kitandani pake, amwekee mkono kichwani, amwombee. Mtoto aliyezoea mkono huo huujua hata usingizini.

Wakati wa pili ni kuingia nyumbani. Kwa desturi mtoto ndiye aanzaye kusema "Shikamoo, baba", na baba huitika "Marahaba" huku akitazama simu yake. Anas (R.A.) amesimulia kuwa Mtume alipowapita watoto yeye ndiye aliyewatolea salamu. Basi simu na ikae mfukoni mpaka kila mtoto asalimiwe kwa jina lake na aangaliwe usoni. Na baba asianze kwa kuuliza, "Mama yenu yuko wapi?", mtoto aliyekimbilia mlangoni hakukimbilia swali hilo.

Wakati wa tatu ni chakula. Ikiwa chakula cha usiku hakimkuti, basi cha Jumapili kimkute, na futari ya Ramadhani isimpite. Wakae sinia moja, wakubwa kwa wadogo, wa kike kwa wa kiume.

Wakati wa nne ni njiani. Njia ya msikitini, ya dukani, ya kupeleka tairi kwa fundi, yote ni darasa. Mtume alimpandisha Ibn Abbas nyuma yake juu ya mnyama, naye bado kijana mdogo, akamfundisha humo njiani maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Imepokewa na Tirmidhi. Mvulana hasemi sana akikalishwa mbele ya babaye kama mshitakiwa. Husema wakiwa bega kwa bega na mikono ina kazi. Ndiyo ile hekima ya mvuvi na mkulima, nayo yaweza kurudishwa kwa kumwomba mtoto ashike tochi tu.

Wakati wa tano ni kabla ya kulala. Na aulizwe mtoto jambo moja mahsusi, si "Shule vipi?", ambalo jawabu lake ni "Nzuri" na mazungumzo yakafa, bali "Leo umekaa na nani?" au "Kitu gani kimekuchekesha?" Na baba asiyejua kusoma vizuri asione haya kumwambia mwanawe amsomee sura aliyojifunza chuoni. Mtoto anayemsomea babaye huona kuwa elimu yake ina thamani, na baba anayesikiliza hupata thawabu, pengine na kuisahihisha Fatiha yake mwenyewe.

Na katika yote na awe mwadilifu. Nu'man bin Bashir (R.A.) alipewa zawadi na babaye peke yake, Mtume akauliza kama ndugu zake wote wamepewa mfano wake, alipojua kuwa la, hakukubali kuishuhudia. Na kama ilivyo zawadi ndivyo ulivyo uso mkunjufu: mtoto mwerevu asipewe wote, na mzito wa kufahamu akabakiwa na kinyongo.

Na asiwaahidi asichokusudia kutimiza. Mama wa Abdullah bin Amir alimwita mwanawe aje ampe kitu. Mtume akamwuliza atampa nini, akasema tende. Akajulishwa kuwa lau hakumpa kitu angeandikiwa uwongo. Imepokewa na Abu Daud. "Nitakuja na zawadi" inayosemwa kila asubuhi ili mtoto aache nguo, ina kitabu kinachoiandika.

FASILI YA SITA: Katika hatari ya ukimya, na katika baba aliye mbali

Na asidhani mtu kuwa mambo haya ni mapambo ya malezi. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika 10, na mvulana 1 katika 7, walikuwa wamepatwa na udhalimu wa kijinsia kabla ya kutimia miaka 18. Na wengi wao hawakumwambia mtu ye yote. Maneno haya ni mazito kuyaandika, lakini kuyaficha ni kumsaidia dhalimu. Mdhalimu hutafuta mtoto asiye na wa kumwambia. Na mtoto ambaye hajapata kumwambia babaye khabari ya kalamu iliyopotea, atawezaje kumwambia khabari iliyo kubwa kama hiyo? Yale mazungumzo madogo ya kila usiku ndiyo njia inayofyekwa, ili siku ya hatari mtoto apite. Na akisema, baba asianze kwa kumlaumu. Na amsadiki, amkinge, na amfikishie khabari mwenye mamlaka, wala asimalize jambo kwa suluhu ya siri ili kuficha aibu. Aibu ni ya aliyedhulumu.

Tena wako akina baba walioachana na mama za watoto, na wengi wao huona kuwa talaka imewatenga na watoto pia. Sivyo. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, ambayo ni tegemeo la wanafunzi wa madhehebu haya, mtoto aliyefikia umri wa kupambanua huhiyarishwa kati ya wazazi wake. Akiwa wa kiume na akamchagua mama, usiku huwa kwa mamaye, na mchana huwa kwa babaye, ili amfunze adabu, ampeleke chuoni na kwenye kazi. Akiwa wa kike akamchagua mama, hukaa kwake usiku na mchana, na baba humzuru kama ilivyo ada. Na aangalie mtu hekima ya mafakihi: ndoa imevunjika, na wao bado wamempa mtoto mchana wake na babaye. Basi itakuwaje baba ambaye ndoa yake i salama, naye hampi mtoto hata robo saa?

Ama aliye safarini, dereva wa malori ya Tunduma, baharia, au mfanya kazi wa Muscat, simu inamfikisha. Na ampigie mtoto mwenyewe, kwa saa inayojulikana, amkumbushe alichomwambia jana. Kwani mtoto akijua kuwa neno lake la jana limekumbukwa, umbali hupungua. Na baba wa kambo asijione mgeni: yule mtoto aliyefundishwa kula sahani moja na Mtume alikuwa wa kambo.

KHATIMA

Haya ndiyo maswali ya somo. Na yasomwe barazani, kila mmoja ajijibu moyoni mwake:

1. Jina la mwalimu wa kila mmoja katika wanao ni lipi, na rafiki yake mkubwa ni nani?
2. Mara ya mwisho mtoto alikueleza jambo bila ya kuulizwa ilikuwa lini?
3. Ni lipi linalomtia hofu mwanao, na umelijua kwa kinywa chake au kwa kinywa cha mamaye?
4. Katika zile nyakati tano, upi unaweza kuuanza usiku huu?

Na kazi ya wiki ni hii: baba achague wakati mmoja tu katika hizo tano, audumishe siku saba. Mtoto akinyamaza siku ya kwanza, na ya pili, asikasirike wala asiache. Mlango uliofungwa miaka saba haufunguki kwa kubishwa mara moja. Yule baba wa mfano, baada ya usiku wa homa, alianza kwa kukaa tu ukingoni mwa kitanda akirudi, bila ya kuuliza neno. Usiku wa nne mtoto, macho yake yangali yamefumbwa, akamwuliza, "Baba, leo umechelewa kwa nini?" Akamweleza khabari ya foleni, na ya gari lililoharibika njiani, kwa urefu, kama anavyomweleza mtu mzima. Na huo ukawa mwanzo.

Ewe Mola, tujaalie wake zetu na watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, utie upole katika ndimi zetu na subira katika vifua vyetu, utusamehe tuliyoyapunguza katika amana zako, uwarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, na uwahifadhi watoto wa Kiislamu na watoto wa watu wote na kila dhuluma. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake wote. Amin.